Ndege ina daftari, abiria hana

Juma lililopita nilikuwa Masasi, na asubuhi moja nzima niliimalizia kwenye benchi la mbao katika hospitali ya Mkomaindo, nikimngojea mjomba wangu apimwe presha. Waliopata kufika Mkomaindo wanaijua foleni ya pale. Mtu unakuja na ugonjwa wako, na kabla jina lako halijaitwa umekwisha kujua magonjwa ya wenzako wote, bei ya korosho ya mwaka huu, na nani kaoa nani huko Newala.

Pembeni yetu alikaa kijana mmoja nadhifu, bahasha ya kaki mapajani. Alikuja kuchukua cheti cha afya kwa kuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Aliposikia kwamba mimi ni mtu wa redio alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu:

"Shikamoo, kaka. Tiketi niliyopata ni ile ya bei ya chini kabisa. Watu wananiambia ndege za tiketi hizo ni kuukuu, zimekwisha kuchoka. Sasa nikiingia nikaikuta ya zamani, nifanyeje?"

Kabla sijafungua mdomo, mjomba alicheka mpaka muuguzi akageuka. Akamwambia: "Mwanangu, ndege iulize umri ukipenda. Lakini kwanza uulize mguu wako."

Kijana alidhani mzee anatania. Mimi sikucheka. Maneno yale yana historia, na historia hiyo ndiyo nimeamua kukusimulia leo.

Lakini kwanza tumtendee haki kijana. Swali lake si la kipuuzi. Sisi ni watu tunaoijua mitumba. Shati la mtumba, gari la mtumba, hata tairi la mtumba. Tunajua kwamba kitu kikichoka kwa mwenye nacho ndipo kinapotufikia sisi. Kwa nini basi ndege iwe tofauti?

Jibu ni kwamba ndege haizeeki kwa miaka kama wewe na mimi. Inapopanda juu, ndani yake hujazwa hewa ili abiria wapate kupumua, na mwili wake hutanuka kidogo. Ikishuka, hunywea. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mahali pale pale. Mara ya kwanza hakikatiki, ya kumi huenda kisikatike, lakini siku yake itafika. Mafundi wanauita uchovu wa chuma. Waingereza waliujua kwa machungu mwaka 1954, pale ndege mbili za aina ya Comet zilipopasuka angani juu ya bahari ya Mediterania katika muda wa miezi mitatu, nazo zilikuwa mpya. Mwaka 1988 huko Hawaii, Boeing 737 yenye umri wa miaka 19 ilichanika paa ikiwa angani, na mhudumu mmoja akatupwa nje akafa. Ndege ile ilikuwa imeruka karibu mara 90,000, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurukaruka kisiwa hadi kisiwa, mchana kutwa, katika hewa ya chumvi. Ndege ya masafa marefu yenye umri ule ule haifikii hata nusu ya miruko hiyo.

Ndiyo maana kila ndege ina daftari lake. Kila saa iliyoruka imeandikwa, kila kipuri kilichobadilishwa kimeandikwa, na fundi aliyekibadilisha ametia saini. Kila baada ya miaka kadhaa huingizwa karakana, ikavuliwa viti, mazulia na kuta za ndani mpaka mifupa ikabaki wazi, na kila mfupa ukachunguzwa. Ndege ya miaka 20 yenye daftari safi ni salama kuliko ya miaka mitano ambayo daftari lake halijulikani liliko.

Tena jambo hili limetufika wenyewe. Tangu mwaka 2006 Umoja wa Ulaya umekuwa ukitoa orodha ya mashirika ya ndege yasiyoruhusiwa kuingia katika anga yake. Kwa miaka mingi tulizoea kuona majina ya jirani zetu wa Kongo. Desemba 2024 likaingizwa Air Tanzania, na Juni 2025 yakafuata mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini mwetu. Lakini Air Tanzania si lilikuwa na Boeing 787 na Airbus A220, ndege za kisasa kabisa? Naam, lilikuwa nazo. Kilicholalamikiwa ni usimamizi, yaani ukaguzi na kumbukumbu. Ndege zilikuwa mpya, lawama ikawa ya daftari.

Kinyume chake nacho tumekiona. Wasafiri wa miaka ya tisini wanalikumbuka shirika la Alliance, lililoundwa na Tanzania, Uganda na Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Lilipoanza safari mwaka 1995 lilitumia Boeing 747SP, lile dege fupi nene ambalo Afrika Kusini ilianza kulipokea mwaka 1976. Na unajua kwa nini Makaburu walilinunua? Tangu miaka ya sitini nchi huru za Afrika ziliwafungia anga kwa sababu ya ubaguzi wao. Ndege zao zililazimika kuzunguka bara hili kwa upande wa baharini kwenda Ulaya, ndipo wakatafuta ndege yenye uwezo wa kwenda mbali bila kutua. Miaka 19 baadaye, ndege ya aina ile ile iliyonunuliwa ili izunguke kwetu ikawa inabeba Watanzania na Waganda kwenda London! Ilikuwa kuukuu, lakini haikuanguka. Kilichoanguka ni shirika lenyewe, mwaka 2000, kwa kulemewa na hasara.

Kwa hiyo kijana wangu wa Mkomaindo, ndege kuukuu isikunyime usingizi. Sasa nikueleze ule mguu.

Mwaka 2010, nikiwa bado kijana katika kazi hii, nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya wiki chache. Mjomba naye alikuwa na binti anayeishi huko, ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Binti akamtumia baba yake tiketi ili tusafiri pamoja. Sisi watu wa kusini unajua heshima ya mjomba ilivyo. Kwetu mjomba ndiye anayekusimamia ukioa na ndiye anayekusimamia ukikosea. Mimi humwita mjomba, naye huniita mjomba vile vile.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Wakati huo alikuwa na miaka 67, mtu mzima wa mwili na wa sauti. Utotoni aliziona ndege za Dakota zikitua Nachingwea, kwenye kiwanja kilichojengwa na Waingereza wakati wa ule mradi wao wa karanga ulioshindikana. Kwa hiyo ndege hakuziogopa. Tulikwenda salama, tukakaa, mjukuu akabebwa, korosho tulizobangua wenyewe zikaliwa zikaisha, na mzee akaanza kuulizia ming'oko. Nikajua muda wa kurudi umefika.

Ndege ya kurudi ilikuwa kuukuu hasa. Kwenye mkono wa kiti kulikuwa na kisahani cha majivu ya sigara, na sigara zilikwisha kupigwa marufuku humo miaka kumi nyuma. Televisheni zilining'inia darini, moja kwa abiria wengi. Kiti changu kililala chenyewe, cha mjomba kilikataa kulala. Na nafasi ya miguu! Viti vya daraja letu vilianza kuuzwa mwaka 1958 katika safari za kuvuka Atlantiki, ili watu wa kawaida nao wapate kuruka. Tangu hapo vimekuwa vikisogezwa karibu karibu. Kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti ni sentimita 79 hivi, na humo lazima uingie wewe, magoti yako, na mkoba wako.

Nikafanya jambo ambalo kila mpwa mwenye adabu angelifanya. Nilimpa mjomba kiti cha dirishani.

Nilimpa kwa heshima, ili aione dunia. Mimi nilikaa katikati, na kwenye njia akakaa mama mmoja wa makamo ambaye alijifunika blanketi na kulala kabla taa hazijazimwa. Mimi nami nikalala. Saa saba na ushei mjomba hakuinuka hata mara moja. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwa nini. Hakuweza kumruka mama wa watu aliyelala. Mimi hakutaka kuniamsha. Na ili asishikwe na haja, kila mhudumu alipopita na maji yeye alitikisa kichwa. Mzee mzima, mwalimu wa watu, alikaa pale kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, kwa ajili ya adabu.

Tukabadilisha ndege, tukakaa tena saa nyingine kadhaa mpaka Dar es Salaam. Kesho yake alfajiri tukapanda basi la Masasi. Ni karibu kilomita 600, na mwaka ule kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilikuwa bado hakijakamilika lami. Wanaoijua barabara ile kabla ya hapo watanielewa. Basi lilijaa, mizigo ikajaa hadi njiani. Na mimi, kwa heshima ile ile, nikampa mjomba dirisha. Nangurukuru abiria wote waliposhuka kula, yeye alisema amechoka, atabaki kitini.

Siku ya tatu baada ya kufika nyumbani, mguu wake wa kushoto ukavimba kuanzia chini ya goti. Ukawa wa moto, ukauma kwenye shavu la mguu. Mpenzi msikilizaji, katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, mguu ukivimba jina lake linajulikana kabla mgonjwa hajasema. Majirani wakasema: matende. Tumeyaona kwa wazee wetu. Wengine wakanong'ona kwamba mzee katoka Ulaya, watu wana kijicho, mguu umetupiwa kitu. Kwenye duka la dawa wakamuuzia vidonge vya maumivu. Siku mbili zikapita hivyo. Siku iliyofuata alianza kutweta kwa kutembea kutoka kitandani hadi barazani, na ubavu ukamchoma kila alipovuta pumzi. Tukampakia kwenye gari la jirani, tukampeleka Mkomaindo.

Hospitali ile ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana, baadaye ikawa ya serikali, na hakuna familia ya Masasi isiyo na deni nayo. Tabibu aliyetupokea hakuwa mtu wa makuu. Aliutazama mguu ule, akautazama mwenzake, akabonyeza, akauliza swali moja ambalo sisi wote nyumbani hatukuliuliza: "Mzee, umetoka wapi?"

Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole: saa za ndege, saa za uwanjani, saa za basi. Kisha akasema matende hayaji kwa siku tatu. Matende huletwa na minyoo inayoambukizwa na mbu, na huujenga mguu kwa miaka. Huu wa mzee ni damu iliyoganda, na kipande chake huenda kimekwisha kusafiri hadi kwenye mapafu. Siku hiyo hiyo tulikimbizwa Ndanda kwa uchunguzi zaidi, akachomwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, kisha akala vidonge vya namna hiyo kwa miezi sita huku damu yake ikipimwa mara kwa mara. Daktari alituambia bila kuficha kwamba tungelala nyumbani usiku mmoja zaidi, huenda tungemleta maiti.

Naomba nieleze kilichotokea, kwa sababu ni jambo la kueleweka na kila mtu. Moyo husukuma damu kwenda miguuni, lakini kuirudisha juu hauwezi peke yake. Anayesaidia ni misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo huikamua mishipa na damu hupanda, kama mtu anayepampu maji ya kisima. Ukikaa saa nyingi miguu ikining'inia na ukingo wa kiti ukikubana nyuma ya magoti, pampu imesimama. Damu hutuama, na kwa baadhi ya watu huanza kuganda. Donge likibaki mguuni, mguu huvimba. Likichomoka, huenda moja kwa moja kwenye mapafu.

Wazungu waliupa ugonjwa huu jina la daraja letu, wakauita ugonjwa wa daraja la kawaida la ndege. Jina lilivuma mwaka 2000, pale binti wa miaka 28 kutoka Wales alipofariki baada ya kusafiri kutoka Australia hadi London. Lakini jina hilo linadanganya. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu na Wajerumani, daktari Keith Simpson aliandika juu ya watu waliokuwa wakifa ghafla baada ya kulala wamekaa kwenye viti vya kukunja katika mahandaki. Hapakuwa na ndege pale isipokuwa za adui. Na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa likasema kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza hatari hii takriban mara mbili, iwe ni kwa ndege, treni, gari au basi. Sikia vizuri: au basi. Wangapi kati yetu hupanda ndege? Na wangapi hupanda basi la Mbeya, la Mwanza, la Masasi?

Sisemi haya ili kukutia hofu. Taarifa ile ile ilisema kwamba wanaopatwa ni wachache, takriban mmoja kati ya wasafiri 6,000. Lakini hatari huwa kubwa zaidi kwa baadhi ya watu: aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwenye saratani, mnene sana, mzee, na aliyewahi kuganda damu. Hao wamwone daktari kabla ya safari, wasijipangie dawa wenyewe.

Wengine tuliobaki, kinga yetu haiuzwi dukani. Inuka, tembea kila baada ya saa moja au mbili. Ukishindwa kuinuka, kanyaga sakafu kwa visigino, kisha kwa vidole, mara kwa mara, mpaka ulisikie shavu la mguu likikaza. Usijaze mizigo mahali pa miguu yako. Usivae kinachobana. Kunywa maji, maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu. Pombe iache kwa wenyewe, na dawa za usingizi ziache kabisa. Basi likisimama Nangurukuru, shuka hata kama huna njaa. Na katika wiki zinazofuata safari, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, nenda hospitali, na umwambie tabibu kwamba umesafiri. Usingoje akuulize.

Juu ya yote, adabu isikuue. Mwamshe jirani yako. Sema "samahani, naomba kupita" kwa lugha yoyote unayoijua. Atakunja uso kidogo, atapisha, atalala tena.

Nilipomaliza kumweleza kijana yule wa bahasha, aliniambia jambo lililonikaa moyoni. Alisema: "Kumbe ndege inakaguliwa kila inapotua, lakini mimi hakuna anayenikagua." Ni kweli. Ile ndege kuukuu iliyotuleta mwaka 2010, fundi aliizunguka na tochi kabla haijaondoka, akatazama matairi, akatia saini. Mzee wa miaka 67 alishuka ngazi zake akichechemea, na mpwa wake mwandishi wa habari, anayelipwa kwa kuuliza maswali, hakumwuliza hata moja.

Mjomba sasa amevuka miaka 80. Presha yake pale Mkomaindo ilikuwa nzuri. Siku ya pili tulipanda basi pamoja kuja Dar es Salaam. Nilipofika kwenye kiti chetu nilisita, nikamtazama. Akanisukuma begani taratibu.

"Ingia wewe dirishani, mjomba," aliniambia. "Mimi nipishe njiani."

Nangurukuru alikuwa wa kwanza kushuka.

Mpenzi msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tuonane juma lijalo, na ukiwa safarini, nyosha miguu.